Jibu: Maombi mengi, mikono michache

Ndugu wa Malindi, umeuliza mfanyeje na maombi 60 ya vipengele vipya ilhali mko wawili tu, na programu yenu huria (msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote) mnaiandika usiku baada ya kazi. Kwanza, usimuahidi mtu tarehe.

Mimi nina programu huria ndogo ya kuandikisha abiria wa boti za Lamu na Mokowe. Nahodha mmoja alinisumbua miezi nimwekee ukurasa wa takwimu wenye michoro. Siku moja nikakaa naye gatini: kumbe huipiga picha skrini ya simu yake kwa simu ya baharia wake, apate orodha ya kuwapelekea upande wa pili. Alihitaji kuituma orodha, basi! Nikaimaliza jioni moja. Kwa hivyo muulize mtu kazi yake inakwama wapi, kitufe utakibuni mwenyewe.

Maombi mengine yakatae mapema, kwa adabu. Anayeng'ang'ania, leseni inamruhusu achukue msimbo ajitengenezee lake. Akikuletea msimbo tayari pia usikimbilie kuupokea, matunzo yatakuwa yako. Na hitilafu za usalama zitangulie yote: OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni inayotumika dunia nzima, ilikuwa na watunzaji wachache mno tundu lake la usalama liitwalo Heartbleed lilipofichuliwa 2014.