Sato kupinda mgongo: kabla ya kupunguza mafuta, nusa chakula

Mkuu, umeuliza kama vifaranga wako wa sato wanapinda mgongo kwa sababu ya mafuta ya alizeti unayowachanganyia. Nafuga sato huku kando ya Ziwa Victoria na tatizo hilo limenipitia.

Mimi nisingeanza na wingi wa mafuta. Sato anayahitaji, hasa yenye omega-6 (aina ya asidi ya mafuta), na alizeti inayo tele. Ukizidisha, mengi yanaishia tumboni. Ukimpasua unayaona meupe yamezunguka utumbo. Hatari kwa mifupa ni mafuta yaliyochacha. Ya dagaa huchacha upesi zaidi kwa sababu yana omega-3 nyingi, aina nyingine ya asidi za mafuta, ambazo hazivumilii hewa na joto. Yakichacha yanamaliza vitamini E kwenye chakula, na vitamini C nayo haidumu katika stoo yenye joto na unyevu. Bila vitamini C samaki hatengenezi kolajeni ya kutosha, yaani protini inayounda nyuzi za mfupa, na kolajeni ndiyo madini ya mfupa yanapojishikiza. Hapo ndipo uti wa mgongo unapopinda na vifuniko vya matamvua vinapobaki vifupi.

Kuna kundi langu liliharibika kwa chakula nilichouziwa, kimetengenezwa kwa dagaa waliolala stoo masika nzima. Ukisugua punje kiganjani inatoa harufu kama rangi ya mafuta ya kopo la zamani, kali, inakukaa kooni. Vifaranga walikuwa wanakula vizuri tu, ila ukiwaweka kwenye beseni jeupe na kuwatazama kwa ubavu unaona mgongo umebonyea katikati na mkia umenyanyuka. Nilipoanza kununua chakula kilichotengenezwa karibuni, kidogo kidogo, makundi yaliyofuata walipinda wachache sana. Waliokwisha pinda hawanyooki tena; watenge, wakikua waliwe nyumbani, nyama haina shida.

Kwa wadogo kabisa, walioanza kula juzi, aina ya mafuta nayo ina uzito: lesithini ya soya (aina ya mafuta yatokayo kwenye soya) au kiini cha yai huwasaidia kujenga mifupa iliyonyooka. Hili limethibitishwa kwa vifaranga wa samaki wa aina kadhaa.

Ila chunguza na wazazi. Kama waliopinda wote wametoka kwa dume na majike walewale, wa ukoo mmoja, chakula unakisingizia. Tuambie, kama unachanganya dagaa, unawahifadhi wapi, na mbegu (vifaranga wa kupandikiza) umenunua ya aina gani.