Kupiga kambi kando ya maji Pangani na Saadani: hema au kulala kwenye gari?

Mkuu, umeuliza kama ukiwa na mke, watoto wawili wadogo na Noah ununue hema au mlaze viti mlale humo humo garini, na kama huku mwambao wa Tanga kuna pa kupiga kambi kando ya maji. Mimi ni wa Pangani, na kulala nje ndiyo starehe yangu kubwa, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu. Nitaanza na maji, hema litafuata. Watu wanahangaika na vifaa wiki nzima, halafu wakifika wanalala popote palipo tambarare.

Kama unawaza mto au bwawa, iwe mto Pangani, mto Wami au bwawa la Hale, ujue kiboko na mamba ndio wenyeji. Kiboko mchana yumo majini, usiku anatoka kula majani, na ana njia zake anazozirudia. Ukikuta kandokando ya maji nyasi fupi zilizosawazika vizuri, usifurahie kwamba umepata uwanja wa hema. Tazama kama kuna kijia chenye mifereji miwili sambamba kinachoshukia majini. Kikiwepo, hapo ni barabarani kwake. Wavuvi wa pale wanajua kila kitu, wasalimie kwanza, uulize, ndipo ushushe mizigo. Halafu kuna kichocho kwenye maji baridi yaliyotulia, na mtoto ukishamwambia kuna maji humzuii kuingia. Kwa familia yako mimi nasema nendeni baharini.

Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, ndipo ningekupeleka mara ya kwanza. Unavuka na pantoni kwenda Bweni, kisha unashuka kusini. Baadhi ya nyumba za wageni za ufukweni hukubali upige hema uani kwao, unapata choo, bafu na mlinzi. Kwa watoto hilo ni jambo kubwa kuliko hema la bei mbaya. Piga simu kabla, na vukeni mapema ili mfike kukiwa bado na mwanga. Kupanga kambi gizani na watoto wenye njaa ni mateso.

Sasa bahari yenyewe. Wageni wengi hawajui kwamba bamvua, yaani maji makubwa, huku kwetu hujaa majira ya saa kumi, alfajiri na jioni, na ile ya alfajiri hukukuta usingizi umekolea. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapanda mbali sana kuliko ulivyoyaona mchana yakiwa yamepwa. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Kila siku kujaa kunachelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo tafuta ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ulio juu kabisa, piga hema nyuma yake, penye majani yaliyoota. Usilale chini ya mnazi hata kivuli kikikuvutia vipi. Nazi haichagui kichwa. Mvinje ni salama zaidi.

Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki mchangani. Chukua viroba vidogo, jaza mchanga, funga kamba katikati, uvizike kina cha kiwiko na kukanyaga juu. Kusi ikivuma mwezi wa saba, hema lililofungwa hivyo halisogei. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uwe kinyume. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, geuza: joto ni kali, utataka upepo upite ndani. Masika, Machi hadi Mei, mngoje tu nyumbani.

Kuhusu Noah: kwa watu wanne kulala humo ni kubanana, na vioo hutoa jasho mpaka asubuhi godoro limelowa. Mimi ningelaza watoto na mama yao kwenye hema lenye paa la pili, wewe ukabaki garini na vyakula, maana tumbili na nyani hawana adabu na chakula kilichoachwa nje. Ukilala garini acha vioo wazi kidogo na ufunike chandarua kwa nje. Tafadhali sana, usiwashe injini ili upate kiyoyozi ukiwa umelala, na jiko la mkaa lisiingie kwenye hema hata kama limebaki makaa mawili. Ile hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na inaua. Gari pia lisiingie ufukweni: litazama, na mchanga ule ndiko kasa anakotagia. Ukimwona amepanda usiku, zima tochi, watoto watulie mbali. Mayai ya kasa kutoka kisiwa cha Maziwe, ambacho sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, yamekuwa yakihamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yaanguliwe salama. Watu wa hapa wamejitahidi sana na wanyama hawa.

Saadani iacheni iwe safari ya pili. Ni hifadhi ya taifa, ya pekee nchini yenye simba na tembo na ufukwe wa bahari ya Hindi kwa pamoja, na kambi zake hazina uzio. Malipo si taslimu, ni kwa kadi au namba ya malipo, na kibali kinahesabiwa saa 24 tangu uingie, kwa hiyo kupanga saa ya kuingia ni kupanga pesa. Kuni hamruhusiwi kuokota, nendeni na mtungi mdogo wa gesi. Usiku haja ndogo za watoto zimalizike kabla ya kulala, na hema lifungwe zipu mpaka kupambazuke. Udongo mweusi wa kule ukilowa, Noah haipiti, hata dereva awe nani.

Maji ya kunywa mbebe madumu, dumu moja la lita 20 kwa siku linawatosha kunywa na kupika.

Ukishapanga tarehe, niandikie hapa, nikuhesabie bahari itajaa saa ngapi usiku huo.