Kugawa karata meza za mamilioni: hela iko wapi hasa?

Mkuu, umeuliza mgawa karata wa poka kule Las Vegas, anayekaa meza ambayo fungu moja (hela zote walizoweka wachezaji katika mzunguko mmoja) linafika dola laki moja, analipwa asilimia ngapi ya hilo fungu. Umesema shemeji yako kapata nafasi kwenye shule ya kugawa karata na ukoo mzima umeshaanza kumpigia hesabu. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, 2013 hadi 2022, minne ya mwisho nikiwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kugawa meza kubwa. Jibu ni asilimia sifuri.

Hata kasino yenyewe haichukui asilimia pale. Kwenye meza ndogo nyumba, yaani kasino, inakata kamisheni kidogo kwenye kila fungu, ina kikomo, dola kadhaa basi. Kwenye meza kubwa wachezaji wanalipia kiti kwa muda: kila nusu saa kila mmoja anatoa kiasi kilichopangwa, ashinde asishinde. Wewe mgawaji ndiye unayekusanya hizo hela, unazitumbukiza kwenye sanduku la nyumba, halafu unaendelea kugawa. Watu wakisikia hadithi za Andy Beal, yule mwenye benki wa Texas aliyekuja kasino ya Bellagio kuanzia 2001 kupambana na magwiji kwa viwango vya dau vilivyofikia dola 100,000 kwa 200,000, wanadhani mgawaji alirudi nyumbani na gunia.

Mshahara ni wa saa, na kwa kawaida ni kima cha chini au juu yake kidogo tu. Nilipoanza, Nevada ilikuwa dola 7.25 kwa saa kama mwajiri anakupa bima ya afya, 8.25 kama hakupi. Tangu Julai 2024 ni dola 12 kwa wote. Nevada ina nafuu, kwa sababu hairuhusu mwajiri apunguze mshahara kwa kisingizio kwamba unapata tipu. Kuna majimbo wanalipa dola 2.13 na sheria ya shirikisho imewaruhusu. Lakini ugawie wastaafu au mabilionea, saa ni ileile. Unaishi kwa tipu.

Na hapa ndipo watu hunibishia: meza ndogo inalipa kuliko kubwa.

Chukua meza ya dola 1 kwa 3, yaani dau mbili za lazima za kuanzia ni dola moja na dola tatu, Ijumaa usiku, imejaa vijana waliokuja kwenye harusi na bia mkononi. Mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, unaisha ndani ya dakika mbili. Anayeshinda anakurushia chipu (kile kisahani kinachotumika badala ya hela) ya dola moja, akiwa na furaha anatupa mbili. Unaigonga ukingoni mwa trei ili kamera ione, unaiweka mfukoni, unaanza mkono mwingine. Baada ya nusu saa mgawaji anayekupokea anakugusa bega, unapiga makofi, unageuza viganja juu na chini kuonyesha huna kitu, unahamia meza inayofuata. Mimi nilikuwa natoka na dola 15 hadi 20 kwa kila nusu saa ya namna hiyo. Kwenye poka mara nyingi kila mtu anabaki na cha kwake. Kwenye meza za blackjack, mchezo wa karata ambao unashindana na kasino yenyewe, wagawaji wanachanga tipu pamoja, na hapo ndipo migogoro huzaliwa. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas iliamua wasimamizi nao wale kwenye kapu hilo, wagawaji wakachachamaa, na mwaka uliofuata wakapiga kura kuingia chama cha wafanyakazi.

Sasa njoo meza kubwa. Kwanza mikono ni michache. Mtu anafikiria dakika nne kabla ya kutupa karata, na michezo yenyewe mara nyingi ni ile ambayo mchezaji anabadilisha karata zake hadi mara tatu. Nusu saa inaweza kuisha umegawa mikono minane. Pili, na hili watu hawalifikirii, chipu ndogo kuliko zote mezani ni ya dola 100, saa nyingine 500. Hakuna chenji! Aliyeshinda dola 40,000 anatazama rundo lake, haoni kitu cha kukupa, basi anaangalia pembeni. Wastaarabu walikuwa wanaweka kando kirundo cha chipu nyekundu za dola tano kwa ajili yetu, na wale nawakumbuka mmoja mmoja. Tatu, wengi pale wanacheza poka kama kazi. Kwao tipu ni gharama ya biashara kama mafuta ya gari, na mfanyabiashara anabana gharama.

Nakumbuka usiku mmoja nilisukuma fungu la dola 212,000 kwa mikono yangu miwili, likaenda kwa bwana mmoja ambaye hata macho hakuinua. Nusu saa ile nilitoka na dola tano, na zilitoka kwa aliyeshindwa.

Kuna siku za neema, siwezi kuficha. Meza kubwa nyingi hujengwa kumzunguka tajiri mmoja asiyejua sana kucheza, na wengine wote wapo kwa ajili yake. Tajiri huyo akishinda anaweza kukurushia chipu ya zambarau ya dola 500 kama anampa mtoto peremende. Ilinitokea mara tatu kwa miaka minne. Akisimama kwenda kulala, meza inavunjika hapohapo, kila mtu anakumbuka ana safari asubuhi.

Kuhusu kuheshimiwa, umeuliza kama wanatukana. Meza kubwa hawapigi kelele kama meza ndogo, ila lawama zao ni nzito zaidi, na wakikukataa wanakukataa kimyakimya. Kuna mchezo ambao mtu haruhusiwi kuongeza dau kupita kiasi kilichopo kwenye fungu, na wewe ndiye kikokotoo. Mezani kuna 6,000, mmoja anaweka 4,000, wa pili anasema naweka fungu zima. Unatakiwa utaje papo hapo: 18,000. Maana unahesabu kwanza 4,000 zake za kulipia, zinakuwa 14,000 katikati, ndipo anaongeza 14,000 nyingine juu. Nilikosea hesabu ya namna hiyo mara moja, nikataja 14,000. Mchezaji alinisahihisha kwa upole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mashine iliyokwama. Yaani afadhali angenitukana.

Halafu kuna imani za nuksi. Bwana mmoja aliamini mimi nina kisirani kwa sababu nilimgawia vibaya wiki mbili mfululizo, kana kwamba mashine ya kuchanganya karata inamjua. Nikikaa, anasimama kwenda kutembea. Baadaye alimwambia msimamizi hataki kuniona pale. Msimamizi akaniita pembeni, akanipa pole, akanitoa kwenye orodha ya meza ile miezi miwili. Kijana wa meza ya dola 1 kwa 3 akikurushia karata usoni anaonywa, akirudia anatolewa nje. Yule wa meza kubwa karata zake ziliwahi kunipiga kidevuni, nikaambiwa nivumilie, mzee ana usiku mbaya. Wachezaji wa kiwango kile ni wachache mno, kasino haiwezi kumkosea mmoja. Wagawaji wapo tele, wanahitimu kila mwezi.

Mbona wengine wanang'ang'ania orodha ile? Kwa sifa, na kwa sababu ukiaminiwa pale unapata saa nyingi na shifti nzuri. Mimi nilidhani ni kupanda cheo. Mke wangu ndiye aliyepiga hesabu za mwaka akaniambia nimepanda cheo nikashuka kipato.

Tipu zinatangazwa kwa kodi, shemeji yako asidanganywe na mtu. Sheria mpya ya 2025 inamruhusu kupunguza hadi dola 25,000 za tipu kutoka kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, hadi mwaka 2028, lakini makato ya hifadhi ya jamii yako palepale.

Shemeji yako akimaliza shule atafanyiwa majaribio mezani, mbele ya wachezaji wa kweli. Atahitaji pia kusajiliwa na bodi ya michezo ya kubahatisha ya Nevada, alama za vidole na yote. Siku ya usaili asiulize wanacheza kiwango gani. Aulize wana meza ngapi zinazochezwa Jumanne saa nne asubuhi, kwa sababu mgeni ndiko anakopangwa, na aulize kama tipu kila mtu anabaki na yake au zinaingia kapu moja.