Mwezi wa Dodoma, maji ya pwani: kwa anayeanza kuvua ufukweni

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, vijana wengi hapa Dodoma wamenifuata kuniuliza habari za kuvua kwa mshipi baharini. Mtu anatoka kazini Ijumaa, usiku yuko Dar, Jumamosi amesimama ufukweni na ndoana. Wengi wanarudi mikono mitupu, na wakinisimulia nasikia kosa lile lile. Siku ya safari waliichagua kwa kalenda ya ofisi. Mwezi hawakuutazama. Wadogo zangu, nawaandikia ninyi.

Mimi ni mzaliwa wa Bahi. Utotoni tulivua kambale na perege mbugani: mvua ikikubali maji yanatanda, kiangazi kikiingia yanakauka. Kwetu maji yana safari moja kwa mwaka. Nikapangiwa kazi pwani, nikakaa huko miaka tisa. Jumamosi yangu ya kwanza nilifika ufukwe wa Kigamboni saa 4 asubuhi na mshipi mpya, nikakuta bahari haipo. Kulikuwa na mwani, madimbwi, na ngalawa zimelala ubavu mchangani. Maji yenyewe yalikuwa mbali, mstari mweupe tu unapiga kwenye mwamba. Nikasubiri mpaka saa 6, nikakata tamaa, nikaondoka. Leo najua kwamba niliondoka saa ile ile samaki walipoanza kuingia.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na robo. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazosogeza kila kitu: maji yakijaa leo saa 10 jioni, kesho tarajia karibu na saa 11. Na ukiuangalia mwezi, nao huchelewa kuchomoza kila siku kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana wavuvi wa pwani huhesabu siku kwa mwezi. Jua linawaambia saa, mwezi unawaambia maji.

Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, mivuto yao inajumlishana. Hapo linakuja bamvua: maji yanapanda sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande mmoja na mwezi upande mwingine, mivuto inapunguzana. Hayo ni maji mafu, na tofauti inashuka hadi kama mita 1. Bamvua lenyewe halifiki siku ile ile ya mwezi. Huchelewa siku moja au mbili. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, bamvua zito utalikuta kwenye tarehe 2 au 3, na tena 16 au 17. Maji mafu yanaangukia 9 au 10, na 23 au 24. Kama huna jedwali la maji la bandari, muulize jirani yako anayeswali msikitini leo ni tarehe ngapi ya mwezi, umepata nusu ya kazi.

Nusu nyingine unaifanya ukiwa hapa hapa, na mbingu yetu ya Dodoma ni nyeupe karibu kiangazi chote, kwa hiyo huna kisingizio. Toka nje jua linapozama. Ukiona mwezi mkubwa unachomoza mashariki wakati huo huo, pwani wako kwenye bamvua au linaingia. Ukiona nusu mwezi umekaa utosini, wako karibu na maji mafu, na bamvua lijalo liko kama wiki moja mbele. Mwezi unaouona juu ya Nkuhungu ni ule ule unaovuta maji ya Kunduchi. Kutoka kule hadi huku unachelewa kwa robo saa tu. Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi: pwani ya Dar es Salaam maji hujaa takriban saa 4 baada ya mwezi kupita utosini. Mwezi mpevu hupita utosini karibu na saa 6 usiku, basi maji yanajaa karibu na saa 10 alfajiri, na tena saa 10 na kitu jioni.

Kutokana na hesabu hiyo kuna jambo ambalo wageni hawaamini mpaka walione. Bamvua la Dar es Salaam lina saa zake karibu zile zile mwaka mzima. Maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, hujaa jioni. Maji mafu ni kinyume: yanajaa asubuhi hiyo, yanapwa jioni. Kwa hiyo niliyoyakuta Kigamboni siku ile hayakuwa bahati mbaya. Ilikuwa bamvua, na mtu yeyote wa pale angeniambia tangu jana yake.

Asubuhi ya bamvua, basi, usivue. Tembea. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu bahari inakufunulia sakafu yake kwa saa mbili tu na baada ya hapo inaifunika. Tafuta mahali mchanga unapokutana na mwamba. Tafuta mifereji ambayo maji ya mwisho yanatokea, maana samaki nao watapita humo wakirudi. Tafuta mashimo yaliyobaki na maji. Kila ukipata pazuri, simama hapo, geuka, tazama nchi kavu: mnazi gani uko sawa na paa gani? Weka alama hiyo kichwani. Jioni maji yakiwa mita 3 juu ya shimo lako, mnazi ule ndio utakaokuonyesha pa kurusha. Okota na chambo chako humo humo. Kaa wadogo wa kwenye mawe changu anawapenda. Ukitembea mchangani penye maji ya kifundoni, kokota miguu badala ya kuinyanyua, kwa sababu samaki aitwaye taa hujizika mchangani na mwiba wake una sumu.

Samaki wa ufukweni wanafuata maji kwa sababu ya chakula. Maji yakianza kujaa yanafunika majani na mawe yaliyokuwa makavu, na chaa, changu na tasi wanapanda nayo kutafuta kilichomo. Maji yakisimama kabisa, juu au chini, ndoana yako nayo inasimama. Gawa maji yote ya kujaa mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3 linaingiza sentimita 75 katika saa ya tatu peke yake. Maji mafu ya mita 1, saa hiyo hiyo, sentimita 25.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda kwenye mwamba wa nje wakati maji yamepwa, nikasimama juu ya jiwe nikivua upande wa bahari kuu. Samaki walikula vizuri. Kina mama waliokuwa wakitafuta pweza wakaanza kurudi mmoja mmoja, mimi nikabaki. Mmoja akageuka akaniita, “Kaka, rudi! Maji yameshapita nyuma yako!” Nikatazama mbele, bahari imetulia kama nilivyoiacha. Nikatazama nyuma, kati yangu na ufukwe palikuwa na maji ya kiunoni yanayokwenda kwa kasi. Mwamba ni kilima. Maji hayapandi juu yake kwanza, yanaingia kwa mlango na kujaza bonde la ndani, wewe umesimama kisiwani hujui. Nilivuka yakiwa kifuani. Namshukuru yule dada mpaka leo. Mnaotoka huku bara wengi hamjui kuogelea, kwa hiyo nisikilizeni: kwenye mwamba, wanawake wa pweza wakigeuka, nawe geuka. Usimalize hata chambo kilichoko kwenye ndoana.

Mtaniuliza siku gani hasa ni bora. Mimi naamini siku tatu zinazotangulia bamvua, maji yanapokuwa yanakua kila siku. Bamvua lenyewe mkondo unabeba mshipi, unahitaji chubwi zito (kile kizito cha kuzamisha mshipi), na mwani unajaa kwenye ndoana. Maji mafu si ya kudharau ukiwa na mahali penye kina karibu, kama gati, na ukiwa mgeni utajifunza kwa utulivu. Ila usifike ufukwe mpana wa kina kifupi wakati wa maji mafu ukategemea miujiza. Upepo nao una neno: kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, sikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi, huko usivue. Kwingineko uliza kwanza BMU ya hapo, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe huo.

Mwanga wa mwezi ni jambo jingine kabisa, na hilo linatufikia mpaka Soko la Majengo. Dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza taa inawakusanya, mbalamwezi ikiwaka taa inapoteza nguvu na wavuvi wengi wanapumzika. Mama wa dagaa akikwambia mzigo umepungua, tazama juu usiku huo.

Ila kwenye bwawa la Mtera msitafute bamvua. Bahari inapwa na kujaa kwa sababu ni pana kiasi kwamba mwezi unavuta upande mmoja zaidi ya mwingine. Bwawa letu lote linavutwa karibu sawasawa, kwa hiyo halitikisiki. Kinachopandisha maji ya Mtera ni mvua za juu kwenye mto Ruaha Mkuu, na kinachoyashusha ni kiangazi na maji yanayopitishwa kuzalisha umeme. Ukienda kuvua perege kule, muulize mzee wa kambi maji yameshuka kiasi gani tangu wiki iliyopita, na majani yaliyozama yako upande gani.