Kutoka dola 6,000 mpaka Batman: majibu ya maswali yenu kuhusu madairekta

Juzi niligusia hapa kwamba madairekta wengi wa muvi kubwa za Hollywood walianza na vimuvi vya hela ya mboga, basi inboksi ikajaa. Nusu ilikuwa ugomvi wa timu Marvel na timu DC (zile kampuni mbili za masuperhero), huo nimewaachia mmalizane wenyewe. Yaliyobaki haya hapa, nimeyafupisha kidogo.

Kaka, nimesikia Christopher Nolan muvi yake ya kwanza alitumia dola 6,000 tu, halafu wakampa Batman. Hii inaingia akilini kweli? (Msomaji, Mwanza)

Hela ni hiyohiyo uliyosikia, ila umeruka katikati na utamu wote uko katikati.

Following ya 1998 kweli iligharimu kama dola 6,000. Waigizaji walikuwa washkaji wenye kazi zao za kila siku, so walikuwa wanashuti Jumamosi, ikaenda hivyo karibu mwaka mzima, picha nyeusi na nyeupe, mkanda wa 16mm, mwanga mwingi ni wa dirishani tu. Na mkanda ni hela bana, kila sekunde kamera ikizunguka mfuko unatoboka, kwa hiyo walikuwa wanafanya mazoezi ya sini kama watu wa jukwaani mpaka kila mtu kaiva, ndo kamera inawashwa, shoti moja au mbili mnahama.

Ikaja Memento, 2000, bajeti haikufika dola milioni 10, stori inaenda kinyumenyume, ikaingiza karibu milioni 40 na skripti ikatajwa kwenye Oscar. Wengi wanadhani hapo ndo simu ya Batman ikaita. Haikuita. Studio ikimwangalia kijana kama yule inaona kichwa kipo, ila inajiuliza, huyu nikimpa mastaa wenye majina, ratiba ya kubana na mabosi wanaopiga simu kila jioni, ataweza?

Jibu lilikuwa Insomnia ya 2002. Kama milioni 46 za Warner Bros., ndani kuna Al Pacino na Robin Williams, wote washachukua Oscar, halafu stori si yake, ni muvi ya Norway iliyorudiwa na skripti kaandika mtu mwingine. Hata hiyo kazi hakuipata kirahisi, dairekta Steven Soderbergh ndo aliyemsemea kwa studio na akaingia kama prodyuza mkuu. Muvi ikavuka milioni 100. Mashabiki wake wengi hata hawaikumbuki, mimi naona ndo muvi iliyomfanyia kazi kubwa kuliko zote kwenye CV yake, maana baada ya hapo ndo studio hiyohiyo ikamkabidhi Batman Begins, 2005, milioni 150. Na tuseme ukweli, Batman mwenyewe wakati ule alikuwa hoi, ile Batman & Robin ya 1997 ilimchafua vibaya, so studio nayo ilikuwa na sababu ya kujaribu mtu mpya.

Ukiitazama Following angalia mlango wa mhusika mkuu, umebandikwa stika ya Batman. Bahati tu, lakini inachekesha.

Mimi nasema Ryan Coogler alipewa Black Panther kwa vile ni Mmarekani mweusi, basi. Unabisha? (Msomaji, Mombasa)

Nabisha nusu. Kwamba Marvel waliliangalia hilo sikatai, na kabla yake walishazungumza na dairekta Ava DuVernay, mama akakataa. Ila madairekta weusi Marekani wako wengi, kwa nini yeye?

Anza na Fruitvale Station, 2013, bajeti haikufika hata milioni 1. Ni siku ya mwisho ya Oscar Grant, kijana wa miaka 22 aliyepigwa risasi na polisi wa treni pale kituo cha Fruitvale, Oakland, alfajiri ya Januari 1, 2009. Coogler kwao ni hukohuko, anawajua wale watu wanavyoongea na mama zao. Kwenye tamasha la filamu la Sundance ikabeba tuzo ya majaji na ya watazamaji kwa pamoja.

Halafu Creed, 2015, mwendelezo wa Rocky, zile muvi za bondia za Sylvester Stallone. Wazo la Creed alikuwa nalo hata kabla ya Fruitvale, baba yake alikuwa shabiki wa kufa wa Rocky, wanaangalia pamoja. Kijana akampelekea Stallone, mzee akasita, na mimi simlaumu, mwanafunzi hata muvi moja huna unakuja kuniomba Rocky wangu? Fruitvale ilipotoka mambo yakabadilika. Creed ikapita milioni 170 na Stallone akatajwa kwenye Oscar kwa Rocky, karibu miaka 40 baada ya ile ya kwanza.

Sasa fanya hivi. Weka Creed, nenda kwenye pambano la Donnie, bondia wetu, na Leo Sporino. Raundi mbili, kamera iko ndani ya ulingo na haikatwi, inawazunguka, inamfuata Donnie kwenye kona kwa Rocky, maneno mawili matatu, kengele, inarudi naye kati mpaka mtu analala chini. Ukimaliza weka Black Panther, sini ya kasino pale Busan, kamera inashuka inapanda ghorofani, inamuacha huyu inamdaka yule, yule mama shujaa Okoye anarusha wigi, mkuki unatoka. Ni mkono uleule, hela tu imeongezeka. Marvel hawakuwa wanabahatisha, ule mkono walishauona ukifanya kazi.

Na hakuja peke yake. Rachel Morrison aliyeshika kamera Fruitvale ndo aliyeshika Black Panther. Hannah Beachler wa mandhari yuko naye tangu Fruitvale. Ludwig Göransson wa muziki walisoma wote chuo cha USC. Beachler na Göransson kila mmoja akaondoka na Oscar kwa Black Panther. Watu wanaangalia dairekta tu anavyopanda, kumbe amepanda na kijiji.

Studio zina mapesa yote yale, kwa nini zisichukue wakongwe? Milioni 200 unampa mtoto wa juzi? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu mtoto wa juzi ni bei rahisi na habishi sana. Mkongwe anakuja na mwanasheria, anataka neno la mwisho kwenye kuediti, anataka asilimia. Kijana anasaini na anakubali kupangiwa.

Kingine watu hawakijui ni kwamba muvi za aina hiyo treni inakuwa imeshaanza kutembea, dairekta anapandia stesheni ya tatu. Watu wa efekti wapo, wachoraji wapo, watu wa mapigano wapo, wengine washaanza kupanga sini yeye hata mkataba hajasaini. Kwa hiyo kwenye ile muvi ndogo hawatafuti kama unajua kulipua magari, hiyo wanayo tayari, wanatafuta kitu wasichonacho. Taika Waititi alipoenda kuomba Thor: Ragnarok aliunga vipande vya muvi za watu wengine akaweka chini Immigrant Song ya Led Zeppelin, yani waonje ladha atakayoleta, na wimbo ukabaki mpaka kwenye muvi yenyewe. Marvel walishamuona anachekesha kwenye muvi yake ndogo What We Do in the Shadows, walichotaka ni kile kicheko kihamie kwa Thor aliyekuwa amenuna muvi mbili nzima.

Ni kweli dairekta wa Godzilla alitengeneza efekti chumbani kwake? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo, ila siyo za Godzilla. Gareth Edwards, muvi inaitwa Monsters, 2010, haikufika dola laki 5. Walikuwa wachache sana, waigizaji wakuu wawili, wanazunguka Mexico na Amerika ya Kati, na wengi mnaowaona mle ni raia waliokutwa njiani wakaombwa waigize. Akarudi nyumbani akakaa na kompyuta yake akaweka wale madude mwenyewe. Kabla ya hapo kazi yake ya kila siku ilikuwa efekti kwenye vipindi vya TV, so usije ukasema ni miujiza. Godzilla ya 2014 ilikuwa milioni 160, akatoka hapo akaenda Rogue One ya Star Wars.

Chloé Zhao alipewa Eternals ya Marvel kama zawadi ya Oscar ya Nomadland si ndiyo? (Msomaji, Nairobi)

Si ndiyo. Eternals alipewa 2018, Nomadland hata haijatoka. Oscar ilikuja Aprili 2021 na Eternals Novemba mwaka huohuo, ndo maana inaonekana kama zawadi. Walichokuwa wamekiona ni The Rider, ile ya kijana mpanda farasi aliyeumia kichwa, imeigizwa na mhusika mwenyewe na familia yake.

Na walioungua je? Unatuletea walioshinda tu. (Msomaji, Arusha)

Haya, Josh Trank. Chronicle, 2012, milioni 12, vijana watatu wanapata nguvu za ajabu wanajirekodi wenyewe, ikaingiza zaidi ya milioni 120 na jamaa hajafika hata miaka 30. Muvi nzuri, mpaka leo nairudia. Wakampa Fantastic Four ya 2015, kama milioni 120, na wakampa Star Wars juu yake.

Ikawa balaa. Studio na dairekta wakavutana, sini zikarudiwa kushutiwa, mpaka unaona nywele za mwigizaji Kate Mara zinabadilika ndani ya muvi moja kwa sababu zile za kurudia kavaa wigi (wigi tena, leo siku ya mawigi). Star Wars akawa ameshaachana nayo kabla hata Fantastic Four haijatoka. Usiku wa kuamkia siku ya muvi kutoka akaandika Twitter kwamba mwaka uliopita alikuwa na toleo zuri la muvi hiyo ambalo watu hawataliona, akafuta, lakini nani hajaona. Muvi yake iliyofuata ilikuwa 2020.

Mimi jibu langu ni kwamba Trank hakupitia Insomnia. Alitoka milioni 12 na vijana wasio na majina akaangukia kwenye mashine ya watu, hajawahi kuambiwa hapana na bosi mwenye hela. Utaniambia mbona Colin Trevorrow aliruka kutoka muvi ya dola 750,000 mpaka Jurassic World ya milioni 150 na ikaingiza zaidi ya bilioni 1.6? Kweli aliruka, ila nyuma yake alisimama Spielberg, na madinosaria yale yanajiuza yenyewe. Alipoenda kutengeneza Star Wars yake 2017 wakaachana kabla hata ya kushuti.

Kaka shikamoo. Mimi niko Dar, nina short film ya dakika 12, nimeshuti na kamera ya kuazima. Hizi ngazi unazosema kwetu zipo? (Msomaji, Temeke)

Marahaba mdogo wangu. Chini zipo, na juu kuna mlango, katikati ndo pamevunjika.

Dakika 12 zinatosha kabisa kuonekana. Neill Blomkamp wa Afrika Kusini alikuwa na Alive in Joburg, 2005, kama dakika 6 tu, wageni wa anga wanaishi vitongojini Johannesburg. Peter Jackson, dairekta wa Lord of the Rings, akamchukua wafanye muvi ya gemu la Halo, ikafa, hela zikaondoka, wakaamua kukirefusha kile kifupi, ikawa District 9 ya milioni 30 iliyopita milioni 200 na kutajwa Oscar mara 4. David Sandberg alimshuti mke wake nyumbani kwao, mama anazima taa anaona mtu, anawasha hayupo, anazima yupo. Ndo hiyo tu, Lights Out, na miaka 6 baadaye anaongoza muvi kubwa ya superhero, Shazam!

Wa karibu na sisi ni Wanuri Kahiu wa Kenya. Pumzi, dakika 21, dunia imeisha maji na msichana anahangaika na mche mmoja, ikaingia Sundance 2010. Rafiki ya 2018 ikawa muvi ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes huku nyumbani imepigwa marufuku. 2022 akawa anaongoza Look Both Ways ya Netflix, kazi ya Kimarekani kabisa. Na hapa kwetu Amil Shivji alishafanya Samaki Mchangani na T-Junction kabla hajaipeleka Vuta N'Kuvute tamasha la Toronto 2021.

Ila ukihesabu, kati ya Pumzi na Netflix ni miaka 12. Kule Nolan alitumia 7 kutoka Following mpaka Batman, na hiyo tofauti siyo ya kipaji. Kwetu hakuna mtu wa kukupa ile muvi ya kati, ya hela za wastani na staa mmoja mgumu, ambayo ukiivuka kila mtu anajua unaweza. Kwa hiyo usiitengeneze short yako ifanane na trela ya Marvel, kulipua wanalipua wao. Weka kitu kimoja ambacho unakiweza kuliko wao, imalize na sauti isikike vizuri (tafadhali, sauti!), ipeleke ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipeleke na kwingine, halafu uwe na skripti ndefu tayari kwenye begi, maana swali la pili watakalokuuliza ni una nini kingine.

Mwisho wa yote hayo dairekta anapata nini, au anabaki kutumikia studio maisha? (Msomaji, Muscat)

Wengine wanabaki. Coogler baada ya Black Panther mbili alikwenda na skripti yake mwenyewe, Sinners, haina komiki wala part one, mavampaya na bluzi kule Mississippi ya 1932. Studio ziligombania. Warner Bros. wakaichukua kwa masharti yake, neno la mwisho kwenye editi ni lake, anakula kuanzia mapato ya mwanzo, na baada ya miaka 25 muvi inarudi kuwa mali yake, yani mwaka 2050 Warner wanakabidhi. Ilitoka Aprili 2025, ikapita milioni 360.