Pambano la goblini limeingia wiki ya tatu: tatizo ni wachezaji au foleni?

SWALI: Naendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, kwa maandishi kwenye Discord, programu ya kuchati. Wachezaji ni watano: watatu Dar, mmoja Nairobi, mmoja Toronto. Pambano na goblini (vijizimwi adui) sita lina wiki ya tatu na ndiyo kwanza tunaanza raundi ya tatu. Nimeshauriwa niweke boti, programu inayotuma ujumbe yenyewe, ya kumkumbusha mwenye zamu kila baada ya saa tatu, na anayezidisha siku moja nimtoe. Nianze na lipi?

JIBU: Usianze na lolote. Swali hili haliniishi mezani, na kila likija mshtakiwa ni yuleyule: mchezaji mvivu. Hebu mtazame huyo mvivu. Anashika simu saa tatu usiku akishatulia nyumbani. Anakuta zamu ni ya wa Toronto, ambako bado ni mchana na mtu yuko kazini. Wa Toronto anaandika jioni yake, Dar wamelala. Mvivu wetu anaiona zamu kesho yake saa tatu usiku, anaandika papo hapo. Anayemfuata naye yuko Dar, lakini alichungulia saa mbili, akaona bado, akalala. Siku nyingine imekwenda. Hapo nani kachelewa? Boti haifupishi foleni, itawafanya watu wazime arifa tu.

Kinachonichosha ni imani kwamba kwenda mmoja mmoja ndiyo haki yenyewe. Mkicheza ana kwa ana mezani, zamu zipo ili watu watano wasiseme kwa mpigo. Kwenye maandishi wanaweza kuandika wote usiku mmoja na hakuna aliyekatizwa. Ile dadu ya pande 20 ya kupanga zamu mwanzo wa pambano inaamua jambo moja la maana: nani anapiga kabla ya adui. Baada ya hapo ni sisi, wao, sisi, wao.

Kwa hiyo warushie wote dadu wewe mwenyewe, siku hiyohiyo. Goblini warushie mara moja tu kwa kundi zima. Kitabu cha kanuni cha mwaka 2014 kinasema hivyohivyo kwa viumbe wa aina moja, sijui kwa nini watu wanaruka ukurasa huo. Waliowazidi goblini kwa dadu wanacheza kwanza, kisha goblini, kisha wachezaji wote kwa mkupuo, kila mmoja akifika anaandika. Unatatua kwa mpangilio walioandika. Saa 24 zikipita, mhusika aliyekimya mchezeshe wewe: ampige adui wa karibu, ila usimtumilie uchawi wake wenye idadi maalum ya kutumika.

Wafundishe pia kuandika kwa masharti: “Nampiga wa mlangoni, akiwa ameshakufa, namgeukia mwenye upinde.” Na usisimamishe pambano kumuuliza mchawi kama anatumia Shield, uchawi wa ngao wa kuzuia pigo. Akuachie agizo mapema. Kinga yake, yaani namba ambayo pigo lazima liifikie, ikiwa 13, uchawi ule unaongeza 5, basi pigo la 13 hadi 17 linazimwa na la 18 linapita. Hesabu hiyo unaimaliza peke yako.

Sasa wale waganga wa mkato. Mmoja atakwambia achana na dadu ya zamu, anayewahi kuandika ndiye wa kwanza. Maana yake anayeshinda na simu mkononi atawahi kila pambano, na aliyejijengea mhusika muuaji wa kuvizia, ambaye faida yake ni kumwahi adui kabla hajacheza, umemwibia. Mwingine atakwambia simulia tu, mahesabu ya nini? Basi mngeandika hadithi. Na hao wa kufukuza watu ndio kila mara wanatafuta wachezaji wapya, kisha foleni ileile inawameza na hao. Wala si mapigano peke yake: nimeona makundi yakisubiri wiki nzima kila mtu aseme anapita mlango gani.

Hao goblini wako wakibaki wawili, wakimbize porini pambano liishe leo.