Re: Monita ya mtumba, nyeupe inaonekana njano

Mkuu, kama ukitikisa waya rangi inarudi, kioo chako ni kizima. Tatizo ni waya wa VGA, ule unaoleta picha kutoka kwenye kompyuta. Bluu hupita pini ya 3 (nyekundu ni ya 1, kijani ya 2), na bluu ikikatika nyeupe hugeuka njano.

Waya ukiwa unachomoka pande zote mbili, usihangaike, nunua mwingine, hata uliotumika. Ila chungulia pini kwanza. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi hutengenezwa bila hiyo.

Kazi ipo kama waya umeungwa moja kwa moja ndani ya monita, kama ile yangu ya zamani. Mara nyingi hukatikia pale unapopinda, karibu na kichwa. Pima kila uzi kwa multimita (kile kipimo cha umeme), kata sehemu mbovu, lehemu kichwa kipya. Mimi ilinila jioni nzima, na bado nilikosea nyuzi mbili!

Waya wa umeme uliochubuka usiufunge selotepu, tupa. Kwa monita nyingi ule wa CPU (boksi la kompyuta) unaingia hapo hapo. Na ukifungua monita, chomoa umeme kwanza na usiguse bodi ya pawa. Kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme, hubaki na chaji hata ukishachomoa.